Kanda za marehemu baba na tundu la USB lisiloona kitu

Swali: Kaka fundi, shikamoo kama umenizidi umri. Niko Tanga. Marehemu baba ametuachia kanda 14 za kamera ya video. Kumi na moja ni ndogo, zimeandikwa MiniDV. Tatu ni kubwa kidogo, zimeandikwa Video 8; mbili zina alama P5-90 na moja P6-120. Za zamani kabisa alizipiga Muscat mwaka 1993, za mwisho ni za harusi yangu ya 2004. Kamera moja ya Sony, ile ya kanda ndogo, bado inawaka. Nimeichomeka kwa USB kwenye laptopu ya Windows 11, inaniletea folda tupu. Fundi mmoja wa hapa mjini ananiambia nimpe zote anitolee DVD. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kabla hujasoma mbele, kama kuna kanda ndani ya hiyo kamera itoe, na usiangalie nyingine hata "kidogo tu" mpaka kompyuta iwe tayari kunasa, yaani kuiingiza video ya kanda kwenye kompyuta inapochezwa. Kanda iliyolala miaka 20 au 30 haina ahadi ya kucheza mara mbili. Nimeshuhudia mtu akiwaita watoto sebuleni waje wamwone bibi yao, kanda ikacheza dakika chache, ikajisokota kwenye mtambo, ikakatika. Mara ya kwanza kuicheza ndiyo iwe mara ya kuinasa. Watoto watamwona bibi baadaye, tena kwa raha, kwenye faili.

Sasa hiyo folda tupu. Laptopu yako ni nzima na kamera yako pia inawezekana ni nzima. Kwenye kamera nyingi za MiniDV, tundu la USB liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato, zile zinazohifadhiwa kwenye kadi ndogo pembeni. Windows imefungua kadi, imekuta baba hakupiga picha za mnato, ikakuonyesha ukweli. Baadhi ya kamera zinaweza kupitisha video kwa USB, lakini inatoka imekondeshwa, ndogo na ya kurukaruka, kwa sababu ilikusudiwa mazungumzo ya intaneti ya enzi zile.

Video ya kwenye kanda ina mlango wake. Tafuta kwenye kamera, aghalabu chini ya kifuniko cha mpira, tundu dogo la mraba mraba lililoandikwa DV au i.LINK. Hayo ni majina mawili ya kitu kimoja; i.LINK ni jina la Sony, na dunia nzima inaliita FireWire. Utasumbuka kidogo kulipata tundu la kulipokea upande wa kompyuta, ila ninakuomba usumbuke, na nitakueleza kwa nini.

Kanda ya MiniDV haina picha ya kawaida kama ya deki. Ina namba. Siku ile ile ya harusi yako, kamera ilizigeuza sura na sauti kuwa namba ikaziandika kwenye kanda. Ukitumia FireWire unanakili zile namba kama zilivyo, sawa na unavyonakili faili kwenye flashi. Ukitumia zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kamera inazigeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, kisha kidude cha upande wa pili kinayageuza mawimbi kuwa namba tena, kwa kukisia. Ni kama kumpa mtu barua ya baba aisome kwa sauti, na mwingine aandike anachosikia. Habari utaipata. Mwandiko wa baba hutaupata.

Tena kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui, na ndilo linalonifanya niwe mkali kwenye suala hili. Pamoja na picha, kamera ya MiniDV iliandika kwenye kanda tarehe na saa ya kila kipande. Huioni kwenye kioo kwa kawaida, lakini ipo, na kwa FireWire inaingia pamoja na video. Programu ya kunasa inaweza kuisoma, ikakata faili jipya kila mahali baba alipozima na kuwasha kamera, na kulipa kila faili jina la tarehe na saa yake. Kanda ya saa moja inaingia ikiwa vipande 30 au 40, kila kimoja na siku yake. Kwa waya tatu tarehe hizo hazipiti. Kwa familia inayobishana kama maulidi yale yalikuwa kabla au baada ya kuzaliwa kwa mtoto fulani, hilo si jambo dogo. (Kama saa ya kamera haikuwahi kurekebishwa, utakuta matukio yote yanaanzia tarehe 1 Januari. Usishangae. Mpangilio wa vipande bado utakufaa.)

Kwa hiyo yule fundi wa DVD, msikilize kwa adabu, kisha muulize swali moja: "Unatoa kwa waya gani?" Akisema waya tatu kwa kanda za MiniDV, mshukuru urudi nyumbani na kanda zako. Akisema FireWire, mwambie hutaki DVD, unataka faili zenyewe kwenye diski yako. Saa moja ya kanda ya MiniDV ni takriban GB 13. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, kwa hiyo lazima aibane video kwa nguvu ili iingie, na iliyobanwa hairudi ilivyokuwa. Halafu laptopu yako, kama nyingi za siku hizi, pengine haina hata pa kutia DVD.

Kuhusu kompyuta. Hiyo laptopu mpya haitafaa kwa kazi hii, na tafadhali usinunue kale kawaya ka bei rahisi kenye USB upande mmoja na FireWire upande mwingine. Kanauzwa kila mahali na hakafanyi kazi na kamera za DV. Hizo ni lugha mbili tofauti na waya mtupu hautafsiri. Unachohitaji ni kompyuta ya mezani iliyotumika, na hizo mtaani si adimu. Isikutishe kuwa ya zamani. Kunasa DV ni kunakili MB 3.6 kwa sekunde, kazi ambayo kompyuta ya mwaka 2008 inaifanya huku inasinzia. Ndani yake utachomeka kadi ya FireWire kwenye nafasi ya PCI Express. Kama kompyuta ni yale maboksi membamba ya ofisini, angalia kadi iwe na kipande kifupi cha chuma cha kufungia nyuma. Kirefu hakitaingia, utabaki unatafuta msumeno. Kadi zenye chipu ya Texas Instruments ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko zote.

Njia nyingine ni laptopu ya zamani yenye tundu la FireWire tayari, au Mac ya mwaka 2012 kurudi nyuma. Mac ni rahisi mno kwa kazi hii: unachomeka, unafungua iMovie, unanasa. Ukiazima Mac ya ndugu iache na mfumo wake wa zamani, usibonyeze "sasisha". Apple waliiondoa FireWire kabisa kwenye macOS 26 ya mwaka 2025.

Waya uwe wa pini 4 upande wa kamera na pini 6 upande wa kadi (Mac nyingi za miaka ya mwisho zina tundu la pini 9). Chomeka vyote viwili vikiwa vimezimwa, na ule upande wa pini 6 utazame mara mbili kabla ya kuusukuma. Una umeme ndani yake, na ukiuingiza kinyume kwa nguvu unaunguza. Najua kwa sababu niliunguza kamera ya mteja kwa namna hiyo, usiku, nikiwa na haraka, nikaja kuilipa.

Windows 10 na 11 zinaweza kuikataa kamera hata kadi ikiwa nzima. Dawa yake ni kubadilisha draiva ya kadi (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) kuwa ile ya zamani, ambayo jina lake linaishia na neno "Legacy". Wengi hukwama hapa wakadhani kadi ni mbovu. Ukiweza kupata kompyuta yenye Windows 7, utaruka kichaka hiki chote.

Sasa kanda. Wewe uko Tanga na hizo kanda zimekaa pwani, kwa hiyo adui yako wa kwanza ni ukungu. Chukua tochi, mulika kwenye kidirisha cha kila kanda, utazame pembeni mwa utepe uliojiviringa. Utepe mzima ni mweusi, laini, unang'aa kidogo. Ukiona weupe kama vumbi la unga, au madoa kama utando wa buibui, weka kanda hiyo kando, kwenye mfuko wake peke yake. Usiitie kwenye kamera. Ukungu unakwangukia kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma utepe ndani ya kamera), na kutoka hapo unahamia kwenye kanda zote zitakazofuata. Kanda ya namna hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vya kuisafisha. Hiyo ndiyo hali pekee ambapo nitakuambia usijaribu mwenyewe.

Zilizo safi, sogeza kile kiswichi kidogo kwenye mgongo wa kanda kiende upande wa SAVE, ili hata ukikosea kitufe kamera isiweze kurekodi juu ya harusi yako. Nimeona harusi ikifutwa na sekunde arobaini za dari ya sebule.

Kamera itumie chaja ya ukutani, maana betri ya 2004 itakufia katikati ya kanda. Lakini umeme wetu unaujua. Kama betri bado inashika hata dakika tano, iache mahali pake huku chaja imechomekwa. Umeme ukikatika kamera itapata muda wa kuzimwa kwa utaratibu badala ya kubaki imeuma utepe. Na kama umetoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la nje, subiri saa nzima. Unyevu unaganda kwenye ngoma ya hedi, utepe unanata. Kamera nyingi zina kigunduzi na zitakuandikia alama ya tone la maji au DEW. Zikikuambia hivyo, zitii.

Peleka kila kanda mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mpaka mwanzo, bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka mingi bila kusogezwa unakuwa umekaza sehemu na kulegea sehemu. Safari hii ya kwenda na kurudi inausawazisha. Sikiliza mlio. Ukiwa wa kulalamika au unapungua kasi, simamisha.

Kama picha itatoka na vipande vya mraba mraba, au nusu ya picha inaganda, mara nyingi hedi ni chafu tu. Tumia kanda ya kusafishia, ile kavu, sekunde kumi, basi. Usiirudishe nyuma kuitumia tena palepale, na usiicheze dakika nzima kwa kudhani itasafisha zaidi: ni kama msasa laini. Pamba za masikioni usizipeleke humo. Nyuzi zake hunasa kwenye hedi, na hedi ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

Tuanze kunasa. Kamera iweke kwenye VCR au PLAY, vyovyote ilivyoandikwa, siyo kwenye kurekodi. Kwenye Windows natumia WinDV, programu ndogo ya bure, ya zamani, sura yake mbaya, na sijaona inayoishinda. Chagua faili la AVI la aina ya pili, iambie ikate kipande tarehe inaporuka zaidi ya sekunde moja, kisha bonyeza kunasa na uicheze kanda. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa. Hakuna njia ya mkato, na anayekuambia anayo anatumia njia nyingine. Izuie kompyuta isilale, zima intaneti, usifungue kitu kingine. Chini ya kidirisha kuna hesabu ya fremu zilizopotea. Iwe sifuri. Ikianza kupanda, kwanza angalia diski, si kanda. Na diski yenyewe isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu mfumo huo haukubali faili linalozidi GB 4 na kipande kirefu kitakatika. Tumia NTFS au exFAT.

Anza na kanda usiyoijali sana. Kila familia ina moja, ile ambayo baba alikuwa anajifunza kamera na amepiga mti wa mwembe robo saa. Hiyo ndiyo ya kufanyia makosa yako.

Angalia pia kama kanda fulani ilirekodiwa kwa LP badala ya SP. Kwa SP kanda ya kawaida ya MiniDV inaingia dakika 60, kwa LP dakika 90, kwa kubananisha mistari kwenye utepe. Za LP zinachagua kamera: zinaweza kukataa kwenye kamera nyingine na kucheza vizuri kwenye ile iliyozirekodi. Ndiyo maana ninakuomba usiiuze wala kuigawa hiyo Sony mpaka kazi iishe.

Zile tatu kubwa ni hadithi nyingine. Video8 ni kanda ya mwaka 1985, ya mawimbi, haina namba, na haiingii kwenye kamera yako. Hapa utahitaji kuazima au kununua kamera ya pili, na ushauri wangu ni huu: usitafute Video8 yenyewe. Tafuta kamera ya Sony ya Digital8. Zilianza 1999, zinatumia kanda za umbo lile lile, na nyingi kati yake (siyo zote, kwa hiyo muulize muuzaji aicheze mbele yako) zinacheza kanda za zamani za Video8 na mdogo wake aliyeboreshwa, Hi8, zikizigeuza kuwa namba humo humo ndani na kuzitoa kwa FireWire. Maana yake kompyuta, kadi, waya na programu ni vile vile ulivyokwisha kuvilipia.

Hakikisha namba ya modeli inaishia na E. Hiyo E kwa Sony ni alama ya PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni, na ndio mfumo wa Oman pia, hivyo za Muscat hazina shida. Swali ni ile P6-120. Alama ya P6 ina maana kanda ilipimwa kwa dakika za NTSC, mfumo wa Marekani na Kanada, lakini kanda tupu haina mfumo. Mfumo ni wa kamera iliyorekodi. Kama baba alinunua kanda hiyo dukani Muscat akaitia kwenye kamera yake, ni PAL, nayo itaisha baada ya kama saa moja na nusu badala ya saa mbili. Kama aliletewa na ndugu kutoka Amerika ikiwa tayari imerekodiwa, huenda ni NTSC. Ukiitia kwenye kamera ya PAL ukaona picha inapanda na kushuka au haina rangi, itoe. Usiendelee kuijaribu. Hiyo inataka kamera isiyo na E.

Jingine la Video8: ukisikia sauti sikio moja tu, usiifungue kamera. Nyingi za zamani zinarekodi sauti moja, si mbili, na utairekebisha baadaye kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara moja.

Ikiwa Digital8 imekushinda kupata, basi kwa hizi tatu tu ninakubali waya tatu na kidude cha USB cha kunasia. Hapa hakuna mwandiko wa namba wa kupoteza. Kama kamera utakayoazima ni ya Hi8 na ina tundu la S-Video, litumie badala ya waya wa njano, rangi zinatulia. Epuka vile viboksi vya kugeuza kwenda HDMI: vinaitanua picha mpaka watu wote wanakuwa wanene, na picha ikishanaswa hivyo inatia uchungu kuirekebisha. Kamera za 1993 zilipiga picha ya 4:3, karibu na mraba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kubaki. Kumbuka baba alikuwa anapiga picha hizo kabla ya vituo vya televisheni vya Bara kuanza mwaka 1994. Kioo cha nyumbani kilikuwa cha kuangalizia deki.

Hesabu yako ya nafasi: saa 11 za MiniDV na saa zisizozidi 5 za Video8 ni saa 16, kwa GB 13, yaani GB 208. Nunua diski mbili za nje za GB 500, siyo moja kubwa. Moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Faili za AVI ndizo kanda zako mpya, usizifute hata ukishatengeneza nakala ndogo. Nakala hizo za kutuma kwa simu zitengeneze kwa programu ya HandBrake, kuwa MP4, na usisahau kuwasha kichujio cha kuondoa mistari. Picha za zamani zilirekodiwa nusu nusu, mistari ya witiri kisha ya shufwa, na bila kichujio mtu akitembea mikono yake inakuwa kama kitana. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama waraka, la sivyo itaikondesha upya.

Kanda zenyewe usitupe. Zisimamishe kama vitabu, kwenye kopo linalofunga, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na spika. Na kabla hujaanza kuzipa faili majina, kaa na mama au shangazi mbele ya kompyuta uandike kila anachosema: nani amevaa kanga ile, nani anapiga dafu, nyumba ile ya Muscat ilikuwa mtaa gani. Hiyo kazi usiiahirishe mpaka kanda zote ziishe. Nasa moja, waite.

Ukikwama, niandikie tena ukinitajia modeli iliyo chini ya kamera na kile Windows inachosema ukichomeka FireWire, neno kwa neno. Na zile kanda za 1993, ziache ziwe za mwisho.